Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Maegesho Binafsi Uingereza: Ahadi ya Kufuta Madai Iwe na Nguvu

Kwa Waziri wa Makazi, Jumuiya na Serikali za Mitaa wa Uingereza. Kwa viongozi wa British Parking Association na International Parking Community, vyama viwili vya kampuni za maegesho. Na kwa wamiliki na mameneja wa maduka, hoteli na kumbi ambazo maegesho yake yamekabidhiwa kampuni binafsi.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu jambo moja. Mteja anapopokea notisi ya madai kutoka kampuni binafsi ya maegesho, akaenda kwenye biashara aliyoitembelea siku hiyo, na msimamizi wa biashara hiyo akamwahidi kwamba madai yatafutwa, ahadi hiyo iifunge kampuni ya maegesho, na siku za rufaa na za malipo zisihesabiwe mpaka kampuni itakapomjulisha mteja kwa maandishi kwamba imefuta au imekataa kufuta. Kwa utaratibu wa sasa ahadi hiyo haimfungi mtu yeyote. Meneja huitamka kwa nia njema, mteja huiamini kwa kuwa hana sababu ya kuitilia shaka, na barua za madai huendelea kutoka moja baada ya nyingine kana kwamba hakuna lililosemwa, hadi mtu anajikuta anadaiwa mahakamani fedha ambazo mwenyeji wake alikwisha kumsamehe.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu sisi tunaokizungumza hapa, kuanzia Leicester na Reading hadi mashariki ya London, tumo katika jambo hili sawa na madereva wengine, na wapo miongoni mwetu wanaoishi kwa kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani, kazi ambayo haifanyiki bila gari. Nilitaka wenzangu wasome wenyewe ninachowaombea. Nakala ya Kiingereza imetumwa kwenu kwa posta.

Kwanza nieleze madai haya ni kitu gani, kwa kuwa wengi huyapokea wakidhani wametozwa faini na serikali. Notisi ya halmashauri hutokana na sheria na nyuma yake kuna mamlaka ya umma. Notisi ya kampuni binafsi hutokana na mkataba: kibao kilichosimikwa kwenye eneo la maegesho husema kwamba ukiegesha zaidi ya muda uliowekwa, au bila kulipia, au bila kuandikisha namba ya gari, umekubali kulipa kiasi fulani, ambacho kwa kanuni za sasa za sekta hiyo hakizidi pauni 100 na hupunguzwa kwa asilimia 40 ukilipa ndani ya siku 14. Kamera husoma namba ya gari linapoingia na linapotoka. Kisha kampuni huilipa DVLA, mamlaka inayotunza kumbukumbu za magari, pauni 2.50 ili ipewe jina na anwani ya mtu aliyesajiliwa kuwa na gari hilo. Maombi ya namna hiyo yamepita milioni 12 kwa mwaka. Mara nyingi hakuna ofisa wa kampuni anayekutana na dereva. Kuna picha mbili, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na barua.

Kwa sababu hiyo mteja hukimbilia kwa mtu pekee aliyemwona uso kwa uso siku ile, ambaye ni meneja wa duka. Na hilo ndilo jambo la busara kulifanya. Risiti ni ya duka, foleni iliyomchelewesha ilikuwa ya duka, na aliyemwalika kwa matangazo ya maegesho ya bure ni duka. Meneja huiangalia risiti, huona kwamba mtu huyu kweli alikuwa mteja wake, na humwambia asijali, litashughulikiwa. Maneno hayo yakishasemwa, mtu wa kawaida huona shauri limekwisha. Angekuwa na sababu gani ya kuendelea kuandika rufaa kwa kampuni asiyoijua, juu ya madai ambayo mwenye duka amesema hayapo tena?

Hapo ndipo mtego ulipo, nami nawaomba mlitazame kwa makini. Kampuni humpa mteja siku 14 za kulipa kwa bei ya punguzo na siku 28 za kukata rufaa kwake. Siku hizo zinahesabiwa tangu notisi ilipotolewa, na kwenda kwa meneja hakuzisimamishi hata kwa siku moja. Ikiwa meneja ametuma barua pepe kwenye anwani isiyofunguliwa, au amesahau, au ameupeleka ujumbe makao makuu ukalala huko, mteja atakuja kujua wakati punguzo limekwisha na mlango wa rufaa umefungwa. Kuchelewa ni kwa duka na kwa kampuni; gharama ni ya mteja. Kwetu husemwa kwamba ahadi ni deni, na maana yake ni deni la yule aliyeahidi. Katika maegesho ya Uingereza limekuwa deni la yule aliyeahidiwa.

Hayo yamenipata. Nilimpeleka mama mkwe kupimwa macho katika duka la miwani lililo ndani ya jengo la biashara lenye maegesho ya bure kwa muda maalumu. Vipimo vilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa daktari wa macho aliona jambo lililohitaji kuangaliwa tena, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angemwambia mzee ainuke kwenye kiti cha vipimo kwa sababu ya kamera iliyo nje. Notisi ilipofika niliipeleka dukani. Meneja aliipiga picha, akaona miadi yetu kwenye kompyuta yake, akasema ataandika siku hiyohiyo na kwamba sina la kufanya zaidi. Barua iliyofuata ilikuwa ya ukumbusho. Nikarudi, nikakuta meneja huyo amehamishiwa tawi lingine, na aliyeshika nafasi yake akaniambia kwamba mambo ya maegesho ni ya mwenye jengo. Kampuni ya maegesho ikanijibu kwamba muda wa rufaa umepita na kwamba mazungumzo yangu na duka hayaihusu. Ikafuata barua ya wakusanya madeni, ikiwa na nyongeza ya pauni 70 juu ya madai ya mwanzo. Mama mkwe, ambaye alijiona kuwa ndiye chanzo cha yote, akataka kulipa kutoka pensheni yake. Mwishowe ofisi kuu ya duka iliandika kwa mwenye jengo, mwenye jengo akaandika kwa kampuni, na madai yakafutwa kwa sentensi moja isiyo na maelezo.

Sitaji duka wala kampuni, kwa sababu ninayolalamikia si makosa ya mtu mmoja. Ninachotaka mkione ni kile ambacho sentensi ile moja inathibitisha: uwezo wa kufuta ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha uamuzi wa duka kwenye meza ya kampuni, na wajibu wa kampuni kuungoja. Tena mimi nilikuwa na nguvu ya kuendelea kuandika barua kwa Kiingereza cha ofisini. Yuko mama anayefanya zamu za usiku, ambaye akiona bahasha yenye maneno mekundu hulipa siku hiyohiyo ili alale, na malipo yake huingia kwenye hesabu za kampuni kama ushahidi kwamba madai yalikuwa ya haki.

Kampuni za maegesho zina hoja yao, nami sitaki kuipita kimya. Husema kwamba mkataba wao ni wa mwenye ardhi, na duka ni mpangaji tu. Meneja wa mpangaji hawezi kusamehe asichokimiliki. Ni kweli kwamba katika maeneo mengi ya biashara ndivyo mambo yalivyo. Mwenye ardhi anaweza kuwa mfuko wa pensheni ulioko mbali, wakala wake akasimamia jengo, kampuni ya maegesho ikapewa kazi na wakala, na maduka yakawa wapangaji wasioukaribia mkataba huo. Lakini mteja hapewi nafasi ya kuyajua hayo. Kibao cha maegesho hakisemi nani anaweza kufuta, na mkataba kati ya kampuni na mwenye ardhi haubandikwi ukutani. Haiwezekani kumtaka mwananchi ajue mipaka ya mamlaka iliyoandikwa katika hati aliyonyimwa kuiona, kisha aadhibiwe kwa kutoijua.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo limo katika hukumu ambayo kampuni zenyewe huinukuu katika barua zao. Tarehe 4 Novemba 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya maegesho ParkingEye dhidi ya Barry Beavis, aliyekuwa ameegesha katika eneo la maduka la Riverside mjini Chelmsford, ambako kukaa saa mbili kulikuwa bure, naye akapitisha muda huo kwa dakika 56. Alidaiwa pauni 85. Majaji walio wengi walisema kwamba kiasi hicho, ingawa kinazidi hasara yoyote iliyompata mtu, si adhabu isiyo halali, kwa kuwa kinalinda maslahi halali: nafasi za magari zipatikane kwa wateja wanaokuja na kuondoka, kwa faida ya maduka na ya wanunuzi wao. Walitaja pia kwamba kampuni inahitaji mapato ya kuendeshea huduma hiyo, ambayo katika eneo lile iliigharimu malipo ya pauni 1,000 kwa wiki kwa mwenye ardhi. Hata hivyo nguzo ya hukumu ile ni maduka na wateja. Sasa niulize: duka ambalo maegesho yanalindwa kwa ajili yake likisema lenyewe kwamba mtu huyu alikuwa mteja wetu, alichelewa kwa sababu yetu, na hatutaki adaiwe, ni maslahi ya nani yanayobaki kulindwa kwa kuendelea kumdai? Yanabaki mapato peke yake. Sidhani kwamba Mahakama ile ingeyahalalisha madai kama hoja iliyoletwa mbele yake ingekuwa hiyo tu. Jaji mmoja, Lord Toulson, hakukubaliana na wenzake, na miongoni mwa yaliyomsumbua ni kwamba sharti lile halikuacha nafasi ya kuzingatia mazingira ya mtu. Meneja anayeahidi kufuta ndiye anayeileta nafasi hiyo.

Hoja ya pili ya kampuni ni kwamba ahadi za mdomo zitatumiwa vibaya, kila mtu aseme ameahidiwa. Ninaielewa, na dawa yake ni nyepesi: ahadi iandikwe. Maduka mengi tayari yana kishikwambi mlangoni ambacho mteja huandika namba ya gari ili asamehewe muda wa ziada. Kinachoweza kupokea namba ya gari kabla ya notisi kinaweza kupokea namba ya notisi baada yake, kikaweka tarehe na jina la msimamizi, na kumpa mteja uthibitisho kwenye simu yake. Kampuni ambazo kamera zao zinaweza kutambua gari na kutoa barua bila mkono wa mtu kugusa haziwezi kutuambia kwamba kazi hiyo imezishinda.

Niongeze kidogo kuhusu rufaa za nje, maana nimeambiwa na watu kadhaa kwamba huko ndiko haki ilipo. Kampuni iliyo mwanachama wa British Parking Association ikikataa rufaa yako, una siku 28 za kwenda POPLA, chombo cha rufaa za nje kwa wanachama wa chama hicho, bila malipo. Iliyo chini ya International Parking Community hukupeleka IAS, chombo cha rufaa cha upande huo, ambako siku ni 21. Uamuzi wa POPLA unaifunga kampuni, wala haumfungi dereva. Ni msaada wa kweli, nami nimewaona walioshinda huko. Lakini wachunguzi wake huangalia kama madai yalitolewa kwa usahihi siku gari lilipoegeshwa: vibao vilionekana, muda ulihesabiwa sawasawa, notisi ilifika kwa wakati. Ahadi ya duka iliyotolewa baadaye haikai vizuri ndani ya maswali hayo, na anayeitegemea peke yake huambiwa arudi kwa duka. Yule ambaye muda wa rufaa ya kwanza ulimpita akiingoja ahadi hata hafiki huko.

Serikali haiwezi kusema kwamba hili ni jambo la watu binafsi lisiloihusu, kwa sababu ni Bunge lililoyapa madai haya meno. Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya mwaka 2012 ilipiga marufuku kufunga magari minyororo katika ardhi binafsi za England na Wales, na kwa hilo tunashukuru. Lakini katika Jedwali lake la 4 iliziruhusu kampuni kumdai mtu aliyesajiliwa kuwa na gari hata kama haijulikani nani aliliendesha, mradi notisi imemfikia kwa masharti na siku zilizowekwa. Mwaka 2019 Bunge hilohilo lilipitisha Sheria ya Kanuni za Maegesho, iliyoagiza Serikali itoe kanuni moja ya kuzibana kampuni zote. Kanuni ilitolewa Februari 2022, ikiwa na viwango vya chini vya madai katika maeneo mengi na katazo la nyongeza za wakusanya madeni. Ikaondolewa Juni mwaka huohuo baada ya kampuni kufungua kesi. Mwaka 2024 vyama viwili vya sekta vikatunga kanuni yao vyenyewe. Ina mambo mazuri, kama vile dakika 10 za uvumilivu mwishoni mwa muda na kupunguza madai hadi pauni 20 katika baadhi ya hali za dharura. Lakini ni kanuni ya wanaodai, imeandikwa na wanaodai. Julai 2025 Serikali ilifungua tena mashauriano ya umma. Ninayoyaomba hapa ninayaomba yaingie katika kanuni ya Serikali, na kama imekwisha kuandikwa bila hayo, yaingie katika marekebisho yake ya kwanza.

Ninaiomba Wizara iweke wazi kwamba msimamizi wa biashara iliyotajwa kwenye kibao cha maegesho, au iliyomo ndani ya eneo linalohudumiwa na maegesho hayo, atachukuliwa kuwa na mamlaka ya kufuta madai ya mteja wake, isipokuwa kibao chenyewe kimesema kwa herufi zinazosomeka kwamba hana, na kikamtaja aliye nayo. Mwenye ardhi na kampuni wakiona kwamba mameneja wanasamehe kupita kiasi, wayamalize wenyewe kwa wenyewe katika mikataba yao. Pili, kampuni ikishajulishwa na mteja au na biashara kwamba kufutwa kumeahidiwa, isitume kwa wakusanya madeni, isiongeze hata senti, na isifungue kesi mpaka itoe jibu la maandishi. Na jibu likiwa la kukataa, mteja arudishiwe siku zake 28 za rufaa na siku zake 14 za punguzo kuanzia tarehe ya jibu hilo. DVLA nayo ina nafasi yake hapa. Haitoi taarifa kwa kampuni isiyo mwanachama wa chama kinachotambuliwa, kwa hiyo inaweza pia kukataa kuihudumia kampuni inayopuuza ahadi zilizothibitishwa.

Kwenu viongozi wa vyama viwili, hakuna sheria inayowazuia kuyafanya haya leo. Kanuni mliitunga nyinyi, na nyinyi ndio mnaoweza kuongeza humo kwamba ahadi ya kufuta iliyoandikwa na biashara ni sababu kamili ya kukubali rufaa, na kwamba POPLA na IAS waizingatie kama wanavyozingatia risiti ya malipo.

Kwenu mameneja na wamiliki wa maduka, sina hasira nanyi, maana ni nyinyi mliotusikiliza. Ninawaomba msitamke ahadi ambayo hamjui njia ya kuitimiza. Ulizeni makao makuu yenu leo: nani katika jengo hili anaweza kufuta, kwa anwani ipi, na kwa muda gani baada ya notisi? Yapo maeneo ambayo duka lina uwezo huo kwa muda mfupi tu, na mteja angefurahi zaidi kuambiwa ukweli huo kaunta kuliko kupewa faraja isiyo na nguvu. Mkiahidi, andikeni siku hiyohiyo, mpeni mteja nakala, na mwambieni akate rufaa yake vilevile. Na mnapoingia mkataba mpya wa pango au wa maegesho, dai la kwanza liwe haki yenu ya kuwasamehe wateja wenu wenyewe.

Mpaka mabadiliko hayo yaje, ninalazimika kuwapa jirani zangu ushauri ambao unaniuma kuutoa, kwa kuwa unawafundisha kutomwamini mtu aliyewasemesha kwa wema. Ninawaambia: chukua ahadi, mshukuru meneja, lakini omba aiandike, piga picha risiti na notisi, na kata rufaa kwa kampuni kabla ya siku 28 kwisha kana kwamba hukuahidiwa lolote, ukiiambatanisha ahadi hiyo na ukiitaka kampuni ioneshe mamlaka yake kutoka kwa mwenye ardhi. Usitupe barua hata moja. Ukihama nyumba, badilisha anwani yako DVLA, kwa sababu karatasi za mahakama zitakwenda anwani iliyoandikwa huko, na hukumu ikitolewa usipojibu hukaa kwenye rejesta ya hukumu za madeni kwa miaka sita, ikikuzuia mkopo na hata nyumba ya kupanga, isipokuwa umelipa ndani ya mwezi mmoja. Ukipata barua ya kukuarifu kwamba utashtakiwa, una siku 30 za kuijibu. Ukipata karatasi za mahakama zenyewe, siku ni 14, nazo huongezeka hadi 28 ukithibitisha kwamba umezipokea. Huo ni mzigo wa kumtwisha mtu aliyekuwa amekwenda kununua mkate au kumsindikiza mzee kupimwa macho, akaambiwa na mwenyeji wake kwamba hadaiwi kitu.

Ninaiomba Wizara inijibu kwa maandishi iwapo kifungu cha kusimamisha siku za rufaa kitaingia katika kanuni, na kama hakitaingia, sababu zake ni zipi. Vyama viwili ninaviomba vitangaze hadharani ni wanachama gani kati yao wanaoheshimu leo hii ahadi za kufuta zinazotolewa na biashara, ili wateja na wapangaji wa majengo wajue wanashughulika na nani.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Leicester, mwenye gari na mteja wa maduka yenu